Kwenye sitaha za USS Constitution: kutoka gudi la Charlestown hadi gati la Salem

Jumatano: gudi kwanza, meli baadaye

USS Constitution, manowari ya mbao na tanga ya Marekani iliyoingia majini mwaka 1797, imefungwa gatini Charlestown, ng'ambo ya mto Charles ukitokea katikati ya Boston. Wageni wengi huifikia wakiwa hoi, kwa sababu wameufuata kwa miguu mstari mwekundu wa Freedom Trail, njia ya kutembelea maeneo ya kihistoria ya Boston, na manowari hii iko karibu na mwisho wa njia hiyo. Ni afadhali kuanzia hapa na kuyaacha makanisa na makaburi ya mjini kwa siku nyingine.

Ukipanda treni, shuka North Station, vuka daraja na utembee dakika 15 hadi 20. Boti ya abiria kutoka Long Wharf huchukua kama dakika kumi, nayo ndiyo bora, kwani unaiona meli kwanza kutoka majini, ilivyokusudiwa kuonekana. Usije na gari. Maegesho ya Charlestown ni machache na ghali.

Constitution haijastaafu. Bado imo katika orodha ya meli za jeshi la majini la Marekani, na wanaowapokea wageni ni mabaharia walio kazini. Kupanda ni bure, ila mtu mzima wa miaka 18 na zaidi lazima aonyeshe kitambulisho chenye picha. Kwa mgeni kutoka nje ya nchi hiyo ni pasipoti yenyewe, si nakala iliyo kwenye simu. Mifuko hupekuliwa na kisu cha aina yoyote hakiingii. Jumatatu meli hufungwa kwa kawaida, wakati wa baridi saa hupungua, na kwa kuwa ni chombo cha jeshi inaweza kufungwa ghafla kwa sherehe au hali mbaya ya hewa. Angalia ratiba asubuhi ya siku yenyewe.

Leo hatupandi. Tunaanza na gudi Namba 1, mahali meli huingizwa na maji kutolewa ili itengenezwe, hatua chache kutoka melini. Ni shimo kubwa la mawe ya matale lililojengwa chini ya mhandisi Loammi Baldwin, na meli ya kwanza kuingizwa humo ilikuwa Constitution yenyewe, tarehe 24 Juni 1833. Imerudi mara kadhaa tangu hapo; mara ya karibuni ilikaa humo kuanzia 2015 hadi 2017. Simama ukingoni, utazame magogo ya sakafuni ambayo mkuku, yaani uti wa mgongo wa meli, hukalishwa juu yake. Hapo ndipo utaelewa tatizo kubwa kuliko yote la meli ndefu ya mbao.

Tumbo la meli ni pana katikati na jembamba kwenye omo (mbele) na tezi (nyuma). Katikati maji huinua kwa nguvu. Kwenye ncha mbili maji huinua kidogo, ilhali mizinga, nanga na milingoti vinaelemea kule kule. Miaka ikipita, ncha hushuka na mgongo hupanda. Mkuku wa Constitution ulipopimwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa umepinda inchi 13, yaani sentimita 33. Joshua Humphreys, aliyeichora, aliliona hilo mapema: aliweka ndani ya ngama, yaani tumbo la chini la meli, mbao nene za mshazari zinazopanda kutoka kwenye mkuku kuelekea boriti za sitaha, ili uzito wa mizinga ushushwe katikati badala ya kubaki pembeni. Matengenezo ya karne ya 19 yaliziondoa, na hakuna aliyezirudisha hadi ukarabati wa 1992 hadi 1996. Matokeo yalionekana tarehe 21 Julai 1997, meli ilipotembea kwa tanga zake mbele ya mji wa Marblehead, mara ya kwanza baada ya miaka 116. Ikatweka tena tarehe 19 Agosti 2012.

Kutoka gudini, zunguka uitazame meli ukiwa gatini. Urefu wake wote ni futi 204, kama mita 62. Upana futi 43 na nusu. Mlingoti mkuu unafika futi 220, karibu mita 67. Tanga zote zikifunguliwa ni kama mita za mraba 4,000 za kitambaa. Usawa wa maji utaona ukingo wa shaba. Shaba hiyo inalinda mbao dhidi ya minyoo ya baharini inayotoboa, adui yule yule ambaye mafundi wa majahazi ya Lamu na Zanzibar humpiga vita kwa shahamu na chokaa. Misumari na vifungo vya shaba vya awali vilitoka kwa Paul Revere, fundi wa metali wa Boston, na mwaka 1803 akatoa pia mabati ya shaba ya kufunika tumbo. Katika kazi ya 2015 hadi 2017 mabati kama 2,200 yalibadilishwa.

Jumba la makumbusho lililo jirani ni taasisi tofauti na meli. Mlangoni huombwa mchango wa hiari. Limo ndani ya nyumba ya mawe iliyojengwa kwa ajili ya pampu za gudi, nalo lilifunguliwa 1976. Ghorofa ya chini ni ya historia. Ya juu ni ya kushika kwa mkono: kulala kwenye machela, kukunja tanga ukiwa umesimama juu ya kamba, kusugua sitaha kwa jiwe ukiwa umepiga magoti. Wenye watoto wasiiache. Wengine pia, maana kesho melini hakuna atakayekuruhusu kulala popote.

Jua linapotua bendera hushushwa na mzinga mmoja hupigwa. Asubuhi hupigwa mwingine saa 2 kamili, bendera inapopanda. Mtu asiyejua huruka.

Alhamisi: sitaha tatu

Wageni huanza kupanda saa 4 asubuhi. Foleni ya mapema ni fupi, na mwanga wa asubuhi unaingia vizuri kwenye matundu ya mizinga. Vaa viatu vya soli bapa. Daraja la kupandia hubadilika mwinuko kadiri maji yanavyojaa na kupwa, na hapa Boston tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa ya siku moja ni kama mita tatu. Mwenye kiti cha magurudumu aulize mapema, na ajue kwamba ataishia sitaha ya juu. Ngazi za ndani zimesimama wima. Shuka ukiwa umezipa uso, mikono miwili ikishika kamba, begi likiwa mgongoni na si mkononi.

Sitaha ya juu ni ya hewa safi na ya kutazama kamba. Kila kamba ina mahali pake, na baharia alitakiwa kuipata gizani kwa kupapasa. Mizinga ya hapa ni karonedi, mifupi na minene, ya risasi za ratili 32, yaani kilo 14 na nusu. Inaumiza sana kwa karibu na haina kazi kwa mbali: karibu yadi 400 tu. Ni myepesi kuliko mizinga mirefu, ndiyo maana imewekwa juu; chuma kizito juu ya sitaha ya wazi kingeifanya meli ilale ubavu.

Usukani uko nyuma. Katika pigano na manowari ya Uingereza HMS Java mbele ya pwani ya Brazili, wakati wa vita vya Marekani na Uingereza, tarehe 29 Desemba 1812, usukani wa Constitution ulivunjwa na risasi, na nahodha William Bainbridge, ambaye mwenyewe alijeruhiwa, akaendelea kuiongoza meli kwa amri zilizopelekwa sitaha za chini, ambako watu walivuta kwa kamba. Java ilishindwa, ikachomwa moto.

Teremka sasa sitaha ya mizinga, na hapa usiharakishe. Kuna mizinga mirefu 30, 15 kila ubavu, ya risasi za ratili 24, kama kilo 11. Mizinga unayoiona ni nakala za karne ya 20, na miwili ya mbele kabisa imetengenezwa upya ili ipige saluti tu. Lakini vipimo ni vile vile: kila mmoja una uzito wa tani mbili na nusu hivi, umekaa juu ya kigari cha mbao chenye magurudumu manne, na ulihitaji watu kama kumi kuuendesha.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Mzinga ukishafunguliwa kamba na kuondolewa kizibo cha mdomoni, mfuko wa kitambaa cha flaneli uliojaa baruti unasukumwa hadi mwisho kwa mdeki. Kisha kizibo cha kamba chakavu, kisha risasi, kisha kizibo cha pili ili risasi isiteleze meli inapoyumba. Wote wanavuta makapi na mzinga unatoka nje ya tundu lake. Mkuu wa mzinga anaingiza sindano ya chuma kwenye kitobo cha nyuma na kuutoboa mfuko, anatia baruti laini, analenga kwa kusogeza kigari na kuinua au kushusha tako la mzinga kwa kabari, anasubiri meli ipande au ishuke na wimbi, kisha anavuta uzi wa gumegume. Mzinga unaruka nyuma kwa kishindo hadi ushikwe na kamba nene iliyofungwa ubavuni mwa meli. Pale pale unaingizwa sifongo chenye maji kuzima cheche, na mzunguko unaanza upya.

Kila hatua ina ajali yake. Sifongo kikiwa kikavu, cheche iliyobaki inawasha mfuko unaofuata usoni mwa anayeusukuma. Risasi isipofika chini na kubaki nafasi kati yake na baruti, mzinga unaweza kupasuka. Kamba ya nyuma ikioza, tani mbili na nusu za chuma zinatembea sitahani bila mwenyewe, na hakuna wa kuzizuia. Mzinga ukishapata moto baada ya mikupuo mingi, unaruka kwa nguvu zaidi kwa baruti ile ile, kwa hiyo baruti hupunguzwa. Na waliokufa au kukatwa viungo wengi hawakupigwa na risasi: vibanzi vya mbao vilivyorushwa na risasi ndivyo vilivyowamaliza.

Hapo ndipo unene wa ubavu unapopata maana. Pitisha macho kwenye tundu la mzinga na uone ukuta ulivyo: mbao za mwaloni mweupe nje, mataruma (mbavu za meli) katikati, mwaloni mweupe tena ndani, jumla inchi 21 usawa wa maji na hadi 25 mahali pengine. Siri ni mataruma. Yalichongwa kwa mwaloni wa pwani ya Georgia, mti mzito sana ambao matawi yake hupinda yenyewe, hivyo fundi alipata kiungo kilichopinda bila kuikata nyuzi ya mti. Tena yamepangwa karibu karibu, karibu kugusana. Kuipata miti hiyo ilikuwa balaa: wakata miti waliotoka kaskazini waliugua malaria visiwani, na sehemu ya kazi ilifanywa na watu waliokuwa utumwani.

Tarehe 19 Agosti 1812, Constitution ikiwa chini ya nahodha Isaac Hull, Guerriere, frigeti (manowari ya tanga) ya Kiingereza iliyokuwa na mizinga ya ratili 18, iliona baadhi ya risasi zake zikigonga ubavu huu na kuanguka baharini. Jina la utani la "mbavu za chuma" linatoka siku hiyo. Lakini chuma hakihusiki, na ushujaa peke yake hauelezi yaliyotokea: Constitution ilikuwa kubwa zaidi, nene zaidi na yenye mizinga mizito zaidi kuliko frigeti iliyokutana nayo. Waliipanga hivyo tangu karatasini mwaka 1794.

Karibu na katikati umesimama mtambo wa kuvutia nanga, wa kuzungushwa kwa mikono kwa miti iliyochomekwa pande zote. Mwezi mmoja kabla ya Guerriere, mtambo huo ndio ulioiokoa meli. Meli tano za Waingereza ziliifukuza mbele ya New Jersey na upepo ukafa. Mashua zikabeba nanga mbele, zikaiangusha. Wanamaji wakazungusha na kuivuta meli hadi kwenye nanga. Nanga nyingine ikawa imekwisha kupelekwa mbele. Yalipita masaa 57 ya mchezo huo, na maji ya kunywa galoni zaidi ya 2,000 yakamwagwa ili meli iwe nyepesi. Wakatoroka.

Sitaha ya malazi ni ya kuinama. Hapa walilala watu zaidi ya 400 kwenye machela zilizogusana, maofisa nyuma katika vyumba vidogo, wagonjwa mbele. Ukiwa mrefu, tembea ukiangalia boriti, si sakafu. Ghala la baruti na ngama viko chini zaidi, na wageni hawafiki huko.

Kuna swali ambalo waongozaji wanaulizwa kila siku: mbao za asili zimebaki kiasi gani? Takriban asilimia 10 hadi 15, zaidi chini kabisa, pamoja na mkuku. Kinachoharibu si bahari. Maji ya chumvi huhifadhi mbao. Maji ya mvua ndiyo huozesha, yakipenya kwenye maungio ya sitaha na kutulia mahali pasipo na hewa. Ndiyo sababu mafundi hawaachi kukalafati: uzi wa katani unapigwa kwa patasi butu na nyundo ya mbao ndani ya kila ufa, kisha lami juu yake. Uzi ukipigwa kidogo, maji yanaingia. Ukipigwa kupita kiasi, ubao unasukumwa na kung'oa misumari yake. Mwaloni mweupe wa kubadilishia hutoka kwenye msitu uliotengwa katika kambi ya jeshi ya Crane, Indiana, kwani soko la kawaida halina tena miti ya unene huo.

Ijumaa: Salem, kwa merikani na sandarusi

Treni kutoka North Station inafika Salem baada ya nusu saa hivi. Ijumaa imechaguliwa kwa sababu makumbusho ya Peabody Essex hufungwa katikati ya wiki. Epuka Oktoba kabisa. Mji hujaa wapenda wachawi na hupati hata mahali pa kukaa.

Safari hii ni nyongeza, lakini kwa msomaji wa Kiswahili ndiyo inayoifunga Constitution na nyumbani. Mwaka 1844 meli iliondoka New York chini ya nahodha John Percival kuizunguka dunia, safari iliyokwisha 1846. Ilitia nanga Madagascar, Msumbiji na Zanzibar kabla ya kufika Sumatra tarehe 1 Januari 1845. Unguja haikuwa bandari ngeni kwa Wamarekani. Sayyid Said alikuwa ameshatia saini mkataba wa biashara nao mjini Muscat mwaka 1833, na mwaka 1840 jahazi lake Sultana, chini ya Ahmad bin Na'aman, lilifika New York na kukarabatiwa na jeshi la majini la nchi hiyo hiyo. Walioshika biashara walikuwa wafanyabiashara wa Salem. Waliteremsha Unguja pamba isiyotiwa rangi kutoka viwanda vya Massachusetts, ile merikani iliyovaliwa hadi Tabora na Ujiji na kuhesabiwa kama fedha, na wakarudi na pembe, ngozi, karafuu na sandarusi, yaani utomvu wa miti ulioganda. Sandarusi ilisafishwa hapa Salem ili itengenezwe vanishi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 viliikata pamba, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi.

Katika Peabody Essex ulizia ukumbi wa East India Marine Hall, wa mwaka 1825, uliojengwa na chama cha manahodha wa Salem kilichoanzishwa 1799. Maonyesho hubadilishwa, kwa hiyo uliza mlangoni nini kipo siku hiyo. Kisha teremka hadi Derby Wharf, gati refu karibu nusu maili lenye mnara mdogo wa taa mwishoni, na nyumba ya forodha ya 1819 ikilitazama. Upepo wa huko unakata, hata Mei.

Kuna upande mwingine wa habari hii ambao haufai kurukwa. Mwaka 1853 Constitution ilirudi Afrika, safari hii magharibi, katika kikosi cha kuzuia biashara ya watumwa, na tarehe 3 Novemba mwaka huo ikakamata skuna (merikebu ya tanga) ya Kimarekani iitwayo H. N. Gambrill. Meli iliyojengwa kwa sehemu kwa jasho la watumwa ikawa inawawinda wafanyabiashara wa watumwa.

Jumamosi: Castle Island na mahali ilipozaliwa

Nusu siku inatosha. Treni ya Red Line hadi Broadway, basi la City Point, halafu mwendo wa miguu kando ya maji hadi Fort Independence. Hapa ndipo Constitution huja kwa kawaida tarehe 4 Julai, ikivutwa na tagi (boti ya kuvutia meli), na kupiga mizinga 21. Kisha hugeuzwa na kurudishwa gatini ikiwa imeelekea upande wa pili, ili jua, mvua na baridi vigawane mbavu mbili kwa haki. Ukikusudia kuona sherehe, fika asubuhi mapema. Ukutani mwa ngome pana kivuli, ukingoni mwa maji hakuna.

Njiani kurudi, meli hupiga saluti nyingine ya mizinga 17 mbele ya kituo cha walinzi wa pwani, mtaa wa North End: 16 kwa majimbo yaliyokuwa katika muungano meli ilipoingia majini, na mmoja kwa meli yenyewe. Hapo palikuwa na karakana ya Edmund Hartt, ambako meli ilijengwa. Tembea hadi Commercial Street, utazame kutoka nje.

Hata kushuka majini kulikuwa na kasoro. Tarehe 20 Septemba 1797, mbele ya umati, vizuizi viliondolewa na meli ikateleza futi 27 tu ikakwama. Reli ya mbao ilikuwa imezama chini ya uzito wa meli na mteremko ukapungua. Siku mbili baadaye ilisogea futi 31 nyingine, ikakwama tena. Ilibidi mteremko ujengwe upya na kusubiri maji makuu yanayofuata. Tarehe 21 Oktoba ikaingia bandarini.